Mume wangu kaoa sarafu

Shangazi, shikamoo. Naishi Ohio, Marekani, na mume wangu na watoto wawili. Kila Ijumaa mume wangu anatoa dola 500 benki, anarudi na boksi la sarafu za nusu dola, anakesha mezani akizikagua moja moja eti anatafuta zenye madini ya fedha. Jumatatu anazipeleka benki nyingine. Anatupotezea pesa, na wageni wakija naona haya. Nimemwambia mama mkwe, yuko Tanga, kwamba mwanawe karukwa na akili. Kufika saa nne usiku yeye keshalala, mimi niko macho peke yangu. Sasa wiki ya pili haongei nami, kisa sarafu chache za kwenye kopo lake nilizonunulia maziwa na mkate. Haya si manyanyaso? – Nimechoka

Marahaba, mwanangu. Pole, nyumba isiyo na maongezi inachosha. Pole yangu inaishia hapo.

Njia ya mwongo ni fupi. Unasema anakesha, kisha unasema saa nne keshalala. Unasema anapoteza pesa, na wewe mwenyewe umeandika kwamba Jumatatu anazirudisha. Dola 500 zimetoka, dola 500 zimerudi, pungufu ya zile chache alizobakiza kwa senti 50 kila moja. Na anazipeleka benki nyingine ili asije akauziwa tena zile zile alizokwisha kuzipitia. Huyo ana akili zake timamu.

Sasa tuje kwenye lile kopo analoweka zile za fedha alizobakiza, ambalo umeliweka mwisho wa barua na kulipita mbio. Boksi moja lina sarafu 1,000, na mara nyingi linaisha bila kutoa hata moja ya fedha. Nusu dola za 1964 kurudi nyuma ni fedha kwa asilimia 90. Sheria ya Marekani ya 1965 iliiondoa fedha kabisa kwenye robo dola na senti kumi, nusu dola ikabaki na asilimia 40 hadi 1970. Kuanzia 1971, zile za matumizi ya kawaida ni shaba na nikeli tupu. Ndiyo maana mumeo anasoma mwaka na kutazama ukingo: ukiona mstari wa rangi ya shaba, hiyo siyo anayoitafuta. Kila ya 1964 uliyompa keshia kwa senti 50 ina gramu 11.25 za fedha, na thamani yake ni mara nyingi ya hiyo bei. Na maziwa na mkate havinunuliwi kwa sarafu mbili tatu za nusu dola. Umemmalizia kopo, mwanangu. Ni sawa na yeye achukue doti ya khanga aliyokupa mama yako siku ya harusi, apigie deki.

Halafu unashangaa kanyamaza. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Nasema wazi, niko upande wake. Ndoa za siku hizi, hasa huko ughaibuni, watu wanajuana zamu za kazi na bili za nyumba, lakini hawajui mwenzao anafurahia nini. Mke analia mume hakai nyumbani. Akikaa, analia amekaa vibaya. Wapo wanaume ambao pesa ya Ijumaa inaishia baa au kwenye kamari ya mpira kwenye simu, na hiyo hairudi Jumatatu. Wako anashinda mezani, watoto wanamwona. Aibu ya wageni umeitengeneza wewe. Yeye naye namwambia hivi: kodi ya nyumba ikikaribia, boksi lisubiri, na asitoe dola 500 bila kukwambia.

Leo usiku, kabla ya hiyo saa nne, kaa naye mezani. Taja idadi ya sarafu ulizochukua na duka ulilozipeleka, usipunguze hata moja. Usimwambie "samahani kama umeumia". Sema "nimekukosea". Ijumaa boksi likija, mwombe akuonyeshe kukagua, ufungue mwenyewe roli (vile vifurushi vya sarafu) za upande wako. Na kesho mpigie mama mkwe. Ulimweleza habari za boksi, ukamficha habari za kopo. Mweleze na hiyo.