Maswali ya Wasomaji: Deni la Maegesho Lisilo Lako, Barua Iandikweje?

Wahariri, salaam. Nimeangalia deni la gari langu kwenye simu nikakuta nimeandikiwa maegesho ya siku nzima Sokomatola, Jumanne tarehe 11 Machi 2025, na juu yake faini ya kuchelewa kulipa. Siku hiyo gari lilishinda kwa fundi Tukuyu. Naambiwa niandike barua, lakini sijui niandike nini wala nimpelekee nani. Msomaji, Mafiati, Mbeya

Pole sana, ndugu yetu. Kabla hujashika kalamu, amua jambo moja: unapinga au unaomba? Barua ya kupinga inasema "deni hili si langu". Barua ya kuomba inasema "deni ni langu, lakini naomba nifutiwe faini". Watu wengi huziweka zote mbili kwenye karatasi moja: aya ya kwanza gari halikuwepo, aya ya tatu mtoto alikuwa amelazwa ndiyo maana hawakulipa kwa wakati. Afisa akifika aya ya tatu anaona umeshakiri, na aya ya kwanza imekufa. Wewe unapinga. Hali ngumu, ada za shule na ubovu wa barabara usiviguse kabisa.

Pili, jua ni nani anayekudai. Piga *152*00# au fungua mfumo wa malipo, utoe orodha ya madeni. Kila deni lina kumbukumbu namba ya malipo, ile yenye tarakimu 12 inayoanza na 99, na mbele yake jina la taasisi inayodai. Jina hilo ndilo la kuandikia barua. Usimpe mhudumu aliyesimama barabarani na mashine ya mkononi. Yeye anaingiza namba tu, hana uwezo wa kufuta kitu.

Sasa tazama namba yenyewe. Mhudumu huandika anachokiona, na mwezi wa tatu huku kwetu, gari likitoka Rungwe na tope, E inasomeka F, 8 inasomeka 3, B inasomeka D. Namba zetu zina tarakimu tatu zikifuatiwa na herufi tatu, kwa hiyo sifuri haiwezi kugeuka herufi O. Kosa hutokea herufi kwa herufi au tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa gari lako linaishia DEB, yupo mtu anayeendesha DFB, na huenda ndiye aliyeegesha Sokomatola. Uliza kama mhudumu alipiga picha ya gari siku ile. Picha ikionyesha pikapu nyeupe na wewe una gari dogo la bluu, umemaliza kazi kwa mstari mmoja.

Ushahidi wako uthibitishe vitu vitatu kwa pamoja: gari lipi, lilikuwa wapi, saa ngapi. Risiti ya fundi isiyo na namba ya gari inathibitisha kwamba wewe ulikuwa Tukuyu, si gari. Mrudie fundi akuandikie maelezo yenye namba ya gari, saa ya kuingia na ya kutoka, jina lake, sahihi na muhuri kama anao. Ulijaza mafuta? Risiti ya mashine ina tarehe na saa, na siku nyingine mwambie mhudumu wa kituo aingize na namba ya gari. Kama una picha ya simu, usiitume kwa WhatsApp kisha ukachapisha ile iliyotumwa, kwa sababu taarifa za tarehe na mahali hupotea njiani. Fungua picha ya asili kwenye simu, onyesha maelezo yake, piga picha ya skrini hiyo, ndiyo uichapishe.

Barua haizidi ukurasa mmoja. Anwani yako na namba ya simu ziwe juu kulia, chini yake tarehe. Anwani ya mwandikiwa iwe kushoto: mkuu wa taasisi kwa cheo chake, siyo kwa jina. Kisha:

*YAH: PINGAMIZI LA DENI LA MAEGESHO, GARI NAMBA T …, KUMBUKUMBU NAMBA 99…*

*Husika na somo tajwa hapo juu.*

*Mimi ni mmiliki wa gari lililotajwa. Mfumo unaonyesha kuwa liliegeshwa Sokomatola, Mbeya, tarehe 11 Machi 2025. Ninapinga deni hilo kwa sababu siku hiyo, kuanzia saa … asubuhi hadi saa … jioni, gari lilikuwa kwa fundi Tukuyu, wilayani Rungwe.*

*Nimeambatisha: (1) nakala ya kadi ya gari, (2) orodha ya madeni kutoka kwenye mfumo, (3) maelezo ya fundi, (4) risiti ya mafuta.*

*Naomba deni hili pamoja na faini yake vifutwe, na nijulishwe kwa maandishi. Endapo kuna picha ya gari iliyopigwa siku hiyo, naomba nionyeshwe.*

*Wako katika ujenzi wa Taifa,*

Halafu sahihi na jina kamili. Jina lifanane na lililo kwenye kadi ya gari. Kama kadi ni ya mke wako au ya kampuni, mwenye kadi asaini mwenyewe, au akupe barua ya kukuruhusu kumwakilisha. Tumeona barua nzuri zikirudishwa kwa hili tu.

Chapisha nakala mbili. Peleka masijala, siyo kwa mlinzi getini. Moja inabaki, ya pili wanaigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na unaondoka nayo. Bila muhuri ule huna barua. Viambatisho viwe nakala, hati halisi uonyeshe tu na kurudi nazo.

Usilipe deni unalolipinga ukitumaini kurudishiwa, maana kurudishiwa pesa iliyoingia serikalini ni safari nyingine ndefu kuliko hii. Madeni mengine ya gari hilo unayoyakubali yalipe mapema, na risiti zake zikae kwenye faili lilelile. Wiki mbili zikipita kimya, rudi na nakala yenye muhuri, omba kuonana na anayeshughulikia mapato ya maegesho. Ukikwama, tumia e-Mrejesho, mfumo wa serikali wa kupokea malalamiko, ukitaja tarehe iliyo kwenye muhuri.

Shikamooni. Nimenunua gari mkononi hapa Iringa. Nimelikuta na madeni ya maegesho ya mwaka jana, Miyomboni na Mashine Tatu, wakati mimi sikuwa nalo. Muuzaji hapokei simu. Mama wa Kihesa

Marahaba, mama. Mfumo unadai namba ya gari, haumdai mtu. Ndiyo maana madeni yamekufuata. Barua yako isiseme gari halikuwepo, kwa sababu lilikuwepo. Iseme umiliki ulianza tarehe fulani, na deni lolote la kabla ya hapo ni la mmiliki wa awali, umtaje jina kama lilivyo kwenye mkataba. Ambatisha mkataba wa mauziano na kadi mpya yenye jina lako.

Hapo kwenye kadi ndipo wengi wanapoangukia. Kama bado unaendesha kwa kadi ya muuzaji, nenda TRA uhamishe umiliki kwanza, barua ifuate. Na tukuambie ukweli: hata ukiwa na karatasi zote, unaweza kuambiwa ulipe kisha umdai muuzaji. Kwa hiyo tunza risiti za malipo pamoja na mkataba. Wanaonunua wiki hii waangalie deni la maegesho na lile la polisi la makosa ya barabarani kabla pesa haijatoka mkononi, muuzaji akiwa palepale.

Lori letu liliharibika njia panda ya Makambako, dereva akaandikiwa na trafiki kosa la kuegesha vibaya. Tuandike barua ileile? Msomaji, Njombe

Hapana, hilo ni jambo jingine. Karatasi ya trafiki inatolewa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, na inakupa njia mbili: kukubali kosa na kulipa, au kukataa na kwenda mahakamani. Ukilipa umekubali, barua ya baadaye haina pa kushika. Kama mnakataa, dereva aseme hivyo mapema, kabla ya kulipa, na mumwandikie Mkuu wa Usalama Barabarani wa mkoa mkieleza ubovu wenyewe: kifaa kilichokatika, saa, maelezo ya fundi aliyefika.

Swali litakaloulizwa kwanza ni kama pembetatu ziliwekwa mbele na nyuma ya lori. Picha ya pembetatu zikiwa barabarani ina uzito kuliko aya mbili za maelezo. Pia tafuteni karatasi ya mizani ya safari hiyo, Wenda au Mpemba kutegemea lilikotoka. Ina namba ya lori, tarehe na saa, nayo huonyesha kwamba lilikuwa safarini, halikulazwa pale kusubiri mzigo.