Jibu: mwanangu na ule mchezo wa dadu na mazimwi

Dada pole, nimekuelewa, kijana wako wa miaka 14 huko Minneapolis kila Jumamosi yuko na wenzake na Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kutunga hadithi pamoja mezani, ukaona picha za mapepo kwenye kitabu chake ukashtuka. Mi nilianza na miaka 13, hukuhuku Marekani, kingereza changu kibovu, darasani siongei kabisa. Kwenye ile meza ilibidi niongee maana mchezo wenyewe ni maneno tu, unasema mhusika wako anafanya nini, unarusha dadu ya pande 20, msimamizi anakwambia kimetokea nini. Siku moja, ndani ya mchezo, nilibishana na mlinzi wa daraja karibu nusu saa mpaka akatuachia tupite, mikono inatetemeka, sikuamini ni mimi. Leo nafanya ukalimani hospitalini na ile sauti niliipatia pale.

Hiyo hofu ya ushetani ni ya zamani, mchezo ulitoka 1974 na miaka ya 80 wazazi wengi huku waliupiga vita, ila hakuna anayeabudu kitu, ni hadithi tu kama zile za majini alizotusimulia bibi.

Ushauri wangu, Jumamosi moja wapikie maandazi ukae hapohapo usikilize. Usikimbilie kununua vitabu, sheria za msingi zipo bure kwenye intaneti. Akianza kucheza mtandaoni na watu wazima asiowajua, hapo kuwa mkali kweli. Na akiacha kulala au kula, akajifungia chumbani, usilaumu dadu, ongea na mshauri wa shule au daktari mapema.