Simu imegoma kuingiza chaji

Mwezi huu barua za simu zimezipita hata zile za pikipiki, na nyingi zinalia kilio kimoja. Tumejibu nne.

Nauza dagaa mwaloni Kirumba. Simu yangu inaingiza chaji nikiukunja waya na kuuwekea kitu kizito juu, nikiachia inakata. Fundi anasema nibadilishe sistimu yote ya chaji. Ni kweli?

Huenda ni kweli, dada, ila usitoe hela bado. Kwanza azima waya ambao umeuona kwa macho yako ukiingiza chaji kwenye simu ya mwenzio. Ukitulia bila kukunjwa, mgonjwa alikuwa waya wako. Waya hukatikia ndani, karibu na kichwa, pale unapopindwa kila siku, na kwa nje hauonyeshi jeraha.

Kama na huo unayumba, vua kava, maana kava nene huzuia kichwa kisizame chote. Chomeka tena uangalie: plastiki ya kichwa inatakiwa iguse mwili wa simu. Chuma kikibaki nje hata milimita moja, chini kuna uchafu. Simu inayoshinda mwaloni hukusanya vumbi la dagaa, mchanga na nyuzi za kanga, na kila ukichomeka waya unaushindilia huo uchafu mpaka unakuwa kigaga kigumu. Kupuliza kwa mdomo hakusaidii, pumzi inaongeza unyevu tu.

Zima simu. Chukua kijiti cha kuchokolea meno, kikwangue kwa wembe kiwe bapa. Mulika tochi ndani: kwenye tundu la taipu-C utaona kiulimi katikati, chenye miguso 12, yaani vichuma vidogo vya kupitisha umeme, kila upande. Hicho usikibonyeze. Pitisha kijiti kati ya kiulimi na ukuta hadi chini, kisha vuta kuja nje, taratibu, pande zote mbili. Utashangaa kinachotoka. Malizia kwa mswaki laini na mkavu. Pini na sindano weka mbali, zinapindisha miguso, na hapo ndipo ile sistimu itakapohitajika kweli.

Ukishasafisha, jaribu kugeuza kichwa juu chini. Ikiwa inaingiza upande mmoja tu, na waya mwingine unafanya vivyo hivyo, mguso umekufa ndani ya tundu. Sasa nenda kwa fundi, lakini mwambie apime mbele yako kwa mita: je, volti 5 za chaja zinafika kwenye bodi kuu? Zisipofika, tatizo ni tundu, bodi ndogo ya chini au ule utepe unaoziunganisha, na simu nyingi hubadilishwa hiyo bodi ndogo peke yake. Zikifika na bado haiingizi, kubadilisha tundu ni kupoteza fedha. Shaka ihamie kwenye betri au aisi ya chaji, ile chipu inayosimamia uingiaji wa umeme. Fundi asiyetaka kupima, mpe kwaheri.

Simu iliponyoka ikaingia ziwani kwenye gati la Nansio, nikaiokoa haraka. Nimeifukia kwenye mchele siku tatu, inawaka, ila nikichomeka chaja inaleta alama ya tone la maji. Nifanyeje?

Mchele upikwe uliwe. Hauvuti maji yaliyo ndani ya simu, na vumbi lake linaingia kwenye tundu; Apple wenyewe wanawaonya wateja wao wasiutumie.

Alama ya tone inakuja kwa sababu simu imehisi umeme ukivuja kutoka mguso mmoja hadi mwingine. Ukilazimisha chaji hapo, umeme na maji vinakula miguso na kuacha ukoko wa kijani au mweusi. Maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari, lakini yana tope na madini, nayo yakikauka yanabaki pale pale. Kwa hiyo simu inaweza kuwa kavu kabisa na bado inalalamika.

Igeuze tundu liangalie chini, igonge polepole kwenye kiganja, iache penye upepo au mbele ya feni. Kukauka vizuri kunaweza kuchukua hadi masaa 24, nawe umeshapita hapo. Lililobaki ni kusafisha: simu ikiwa imezimwa, chovya mswaki laini kwenye aisopropili, alkoholi ya kusafishia, ya asilimia 90 kwenda juu, piga tundu mara chache, subiri robo saa. Spiriti yenye rangi huacha masalia. Petroli usithubutu, wala gongo. Kagua na kichwa cha waya, mara nyingine chenyewe ndicho kilicholowa. Ukiona kijani ndani, tundu libadilishwe.

Niko kambi ya uvuvi kisiwani, nachaji kwa sola. Alama ya chaji ipo lakini asilimia zinashuka. Betri imekufa?

Hapana, ndugu, umeme ni mdogo. Betri ya mAh 5000 inabeba wati-saa 19 hivi. Chaja ya wati 10 inaijaza kwa masaa kama matatu. Sola yako ikitoa volti 5 kwa ampea 0.4, hizo ni wati 2: hata simu ikizimwa, itachukua masaa kama 11. Ukiwasha hotspoti na kioo, simu inatumia zaidi ya kinachoingia, na alama bado inawaka kukuridhisha.

Kagua waya pia. Waya mwembamba wa mita 3 wenye ukinzani wa omu 0.5, ukipitisha ampea 2, unapoteza volti nzima. Kwenye simu zinafika 4, nayo inajipunguzia. Tumia wa mita moja, mnene. Paneli ikae juani, simu ikae kivulini, kwa kuwa betri ikipita nyuzi 45 simu nyingi husitisha chaji zenyewe. Na mawingu yakipita chaji inakatika na kuanza upya, kwa hiyo ni afadhali mchana ujaze pawabenki, usiku ijaze simu.

Mwangaluka wahariri! Simu ilikaa kabatini Igoma miezi minne. Sasa haiwaki wala haionyeshi chaji.

Mwangaluka. Huenda betri imeshuka mno, na kinga iliyo ndani yake imekata umeme. Chomeka chaja ya kawaida ya wati 5 au 10, iache saa nzima bila kuigusa hata kama kioo ni cheusi, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde 20. Ikikataa, fundi apime betri. Ikiwa chini ya volti 2.5, usikubali aibusti, yaani ailazimishe kuamka kwa umeme wa nje. Shaba ya ndani inaweza kuwa imeanza kuyeyuka, na betri ikapiga shoti ikiwa mfukoni mwako. Nunua nyingine. Na kama mfuniko wa nyuma umeinuka, hata hilo jaribio la saa moja usilifanye.