Kusi Ikivuma, Tazama Maji Kwanza: Kutoka Lamu Hadi Kiwayu kwa Boti Ndogo

Kila mwaka kuanzia Juni hadi Agosti napigiwa simu za aina moja. Mtu anataka kwenda Faza, Kizingitini au Kiwayu kwa boti ndogo, na anauliza kama kusi, upepo wa kutoka kusini, ni kali. Ndiyo, ni kali. Lakini swali la kwanza ni jingine: siku hiyo maji yanajaa saa ngapi?

Anayetoka mji wa Lamu kwenda visiwa vya kaskazini hupita Mkanda, mlango mwembamba wa mikoko kati ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakijaa unapita kwa utulivu, upepo unauacha nje. Yakipwa, panabaki tope. Pwani yetu wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kama saa nne. Kati ya kujaa na kupwa bahari hushuka zaidi ya mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume: saa nne asubuhi ndiyo ya kujaa. Asiyejua tarehe ya mwezi asipange saa ya safari.

Mimi hili nilifunzwa kwa hofu. Ilikuwa Julai, bamvua, na nahodha alikuwa ami yangu. Boti ya futi 22, mashine ya farasi 15, watu saba. Ami alisema tung'oe nanga saa kumi na moja alfajiri. Mzigo wangu, mifuko ya saruji ya nyumba ya dada yangu Faza, ulikuwa haujafika gatini. Nikamwomba asubiri. Akasubiri, kwa kuwa mimi ni mtoto wa nduguye. Tuliondoka saa mbili na nusu.

Tulipofika Mkanda mikoko ilikuwa imesimama juu ya mizizi mitupu, na kaa wanatembea pale ambapo tungepita. Siku hiyo tulipaswa kurudi gatini tungoje jioni au kesho yake. Badala yake tuligeuza, tukapita mbele ya Shela, tukatoka Ras Kitau ili tuizunguke Manda kwa bahari kuu.

Nje kule upepo wa kusi unakusukuma kwa nyuma, mawimbi makubwa yanakuja ubavu wa kulia, na mwamba wa Manda uko kushoto, upande wa demani, yaani kule upepo na mawimbi yanakosukumia. Maana yake ni kwamba chombo kikikosa nguvu, kila kitu kinakipeleka mwambani. Na mashine ilizima hapo hapo.

Ami hakuigusa. Alitupa nanga kwanza. Maji yalikuwa kama pima sita (kama mita 11), naye akaitoa kamba karibu yote, pima arubaini, akaifunga omo, mbele ya boti, na kuishika kwa mkono mpaka alipohisi imeuma. Ndipo akaja nyuma kufungua filta ya petroli. Chini ya kikombe cha filta palikuwa na maji, na ndani yake chembe za kutu za rangi ya chai. Bandarini uchafu hulala chini ya tangi na mashine hunguruma vizuri. Mawimbi yakilitikisa tangi, uchafu wote huinuka na kuingia kwenye paipu. Nilimshikia kopo huku mikono inatetemeka. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alikuwa akisoma Yasini kwa sauti ndogo, mimi nikiitazama saruji yangu.

Kwa hiyo nikikwambia uchuje petroli kwa kitambaa kabla ya kujaza, na usafishe tangi kabla ya msimu wa kusi, nakuomba ulifanye. Beba filta ya akiba na plagi. Kamba ya nanga nayo usiibanie: iwe angalau mara tano ya kina cha maji, maana kamba fupi husimama wima, na nanga huruka badala ya kuuma. Boti nyingi ninazoziona zina kamba ya kufungia gatini tu.

Mzigo mzito uwekwe chini, katikati, na ufungwe. Watu wakae, hata wakilowa. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe kabla ya kuondoka, la mtoto liwe la saizi yake. Na ndoo ya kufulia maji, ya kuyatoa botini, ifungwe kwa kamba, kwa sababu ndoo ndiyo ya kwanza kuchukuliwa na wimbi.

Ukipita Mkanda salama bado una ghuba ya Manda, ambako bahari inaingia kati ya Manda na Pate. Hapa maji yakiwa yanatoka huku kusi inaingia, mawimbi huwa mafupi na yamesimama kama ukuta, hata upepo usipokuwa mkali sana. Jitahidi uvuke maji yakiwa bado yanajaa au yamesimama, asubuhi mapema kabla upepo haujapanda. Mlango wa kati ya Ndau na Kiwayu ni vivyo hivyo. Idara ya hali ya hewa ikitoa onyo la upepo mkali na mawimbi ya zaidi ya mita 2, boti ndogo ibaki gatini. Wavuvi wa Kizingitini wanaizidi mashine yako uzoefu, nao hubaki.

Siku ile tulilala Mtangawanda, gati ya kisiwa cha Pate. Ami alikataa kuendelea ingawa mashine ilikuwa imewaka na Faza ilikuwa imebaki safari fupi tu. Watu wa pale walimpa yule mama chumba, sisi tukalala barazani. Nyumbani Faza dada yangu alikuwa amekesha, kwa kuwa mimi nilimwahidi saa.

Sasa simwahidi mtu saa. Namwambia dada nimeondoka na maji ya alfajiri, tuko watu kadhaa, nahodha ni fulani, tutafika leo au kesho. Jioni ikiingia hajaniona, simu yake huwa na swali moja tu: "Mumelala Mtangawanda?"