Baridi kali imepita: bwawa lako limesalimika?

Maswali mengi niliyopokea safari hii yanahusu jambo moja: maji ya bwawa la kuogelea yaliganda, sasa jua limechomoza, na mwenye bwawa anataka kuwasha pampu leo leo. Ninayajibu nikiwa na ombi moja: msikimbilie swichi.

Juu ya maji bado kuna barafu. Naweza kuivunja kwa nyundo ili mambo yaende haraka?

Iache iyeyuke yenyewe. Ukiipiga, mshindo unapita kwenye maji hadi kwenye kuta na vigae, na unaweza kuongeza ufa ambao haukuwapo. Wala usiyapashe mabomba ya plastiki kwa moto, maana yanalainika na kupinda. Cha kufanya sasa ni kuzima umeme wa pampu kwenye swichi kuu. Kama pampu inaendeshwa na saa inayoiwasha yenyewe, usiisahau, isije ikaiwasha usiku umelala huku mabomba bado yamejaa barafu.

Zaidi ya yote, wazuieni watoto. Barafu ya bwawa inaonekana ngumu kumbe haibebi mtu. Fungeni lango.

Kila kitu kimeyeyuka na sioni maji yanayovuja. Si niwashe tu?

Bado. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yakikosa pa kutanukia hupasua kilichoyafunga. Barafu hiyo hiyo iliyopasua bomba ndiyo huziba ufa, kwa hiyo hasara hujionyesha baadaye, maji yanapoanza kupita.

Anza na vyombo vilivyo juu ya ardhi, kwa kuwa hivyo ndivyo hupigwa na baridi kwanza. Fungua pampu, toa kikapu cha uchafu, umulike ndani kwa tochi. Nyufa nyingi hukaa chini kabisa, pale maji yalipotuama, na huwa nyembamba kama unywele. Kausha kwa kitambaa kisha pitisha ukucha taratibu: jicho likikosa, ukucha hukwama. Angalia pia mpira wa kuzibia kwenye kifuniko, vali, na viungo vya mabomba, hasa kwenye kona.

Kwenye chujio nitasisitiza. Tangi la chujio hufanya kazi kwa presha. Likiwa na ufa, au mkanda unaobana nusu zake mbili ukiwa umepinda, usilitie gundi wala usilijaribu kwanza uone. Kifuniko kinaweza kufyatuka kwa nguvu ya kumjeruhi mtu vibaya. Hilo ni la kubadilisha. Tazama na geji ya presha: pampu ikiwa imezimwa, mshale unatakiwa uwe kwenye sifuri. Ukiwa umekwama juu, geji imeharibika na haitakuonya.

Hita ya maji ina mabomba membamba ndani, mara nyingi ya shaba, na ni rahisi kupasuka. Usiiwashe mpaka maji yamezunguka ndani yake na umehakikisha hakuna tone linalodondoka chini. Kama ni ya gesi, ningependa fundi wa gesi aione kwanza.

Ukiridhika, jaza maji kwenye pampu, fungua vali ya hewa juu ya chujio, simama mbali na tangi, ndipo uwashe. Hewa ikiisha na maji yakitoka mfululizo, zima pampu, funga vali, kisha uwashe tena na kuzunguka ukikagua kila kiungo.

Pampu inanguruma lakini haizunguki.

Izime mara moja. Huenda bado kuna barafu ndani, au kuna kilichokwama. Ukiiacha ingurume, mota itaungua.

Pampu inafanya kazi, ila kina cha maji kinashuka. Nitajuaje kama ni jua linakausha au bwawa linavuja?

Tumia ndoo. Iweke kwenye ngazi ya bwawa, ijaze maji ya bwawa mpaka kimo cha ndani kilingane na cha nje, weka alama pande zote mbili, kisha subiri saa 24 bila mtu kuoga. Mvua ikinyesha, anza upya. Jua hukausha ndoo na bwawa karibu sawasawa, kwa hiyo bwawa likishuka kuzidi ndoo, linavuja. Rudia jaribio pampu ikiwa imezimwa. Likipoteza zaidi pampu inapofanya kazi, shuku mabomba yanayorudisha maji. Likipoteza sawa nyakati zote mbili, huenda ufa uko kwenye bwawa lenyewe. Nayo mapovu yasiyoisha pale maji yanaporudi bwawani huashiria hewa inayoingia kabla ya pampu: kifuniko chake, au bomba la kunyonya.

Vigae vitatu vimebanduka. Nibandike hivyo tu?

Gonga kwanza vyote vilivyobaki, kimoja kimoja, kwa mpini wa bisibisi. Kilichoshika hutoa mlio mkavu, mzito. Kilichoachia hulia kama kitu kilicho kitupu ndani. Maji yaliingia nyuma yake, yakaganda, yakakisukuma. Ukibandika vitatu na kuviacha vya jirani vinavyolia hivyo, utairudia kazi hiyo hiyo. Chunguza na mpira wa kuziba kati ya ukingo wa bwawa na sakafu ya nje. Ukipasuka, ndipo maji yanapopita.

Nitoe maji yote nione sakafu vizuri?

Usifanye hivyo bila fundi. Maji ya ardhini yakiwa juu yanaweza kuliinua bwawa tupu kutoka kwenye shimo lake, na bwawa lililotandikwa vinili, yaani plastiki laini, linaweza kukunjamana au kuchanika. Ukishuku ufa chini ya maji, zima pampu, acha maji yatulie, kisha dondoshea rangi ya chakula kidogo karibu nao. Ikivutwa kuingia ukutani, weka alama hapo na umwite fundi.