Kichwa cha mvuke kimetoka bonge jeusi

Ndugu yangu wa Kigoma, umeuliza kwa nini kile kichwa cha treni ya mvuke ulichokipiga picha kwa simu makumbusho ya reli Nairobi kimetoka cheusi tii na anga jeupe pee. Simu haina kosa, kosa ni saa. Saa sita jua liko utosini, magurudumu yote yamo kivulini. Ukirudi, nenda asubuhi wakifungua tu, jua likipiga ubavuni. Gusa kioo pale penye weusi, halafu shusha mwanga kidogo, la sivyo rangi itageuka kijivu. Piga goti, simu iwe usawa wa magurudumu.

Na usilazimishe kiingie chote. Ile 5918, Mount Gelai, kichwa kikubwa cha hapo makumbusho, ina tani 252. Ukirudi nyuma hadi ienee inakuwa kama kiberiti. Mimi ningeganda kwenye vile vyuma virefu vinavyounganisha gurudumu na gurudumu: grisi iliyogandamana, mikwaruzo. (Gelai yenyewe ni mlima wa huku kwetu Tanzania, kando ya Ziwa Natron!)

Kwa mazoezi, hapa Tabora hutumia vichwa vya dizeli, nikishamwomba ruhusa mkuu wa stesheni. Hilo usiliruke.