Tutembelee vyuo kwanza au tupige hesabu kwanza?

SWALI: Binti yetu amemaliza kidato cha sita, anataka tumpeleke akaone vyuo Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma kabla ya kuomba. Baba yake ameajiriwa, baada ya makato anabaki na 780,000 kwa mwezi. Mimi nauza vitenge Ngamiani, napata kati ya 200,000 na 400,000. Wadogo zake wawili wako shule. Tuanzie wapi? – Mama, Makorora, Tanga

JIBU: Mama, anzeni na hesabu, na binti mwenyewe awepo. Akishayaona mabweni na maktaba, moyo unahamia huko. Kumwambia baadaye kwamba hamuwezi ni kumuumiza bure.

Kipato kihesabuni kwa mwezi mbaya. Vitenge vinatoka sikukuu na msimu wa harusi, Januari vinadoda. Basi andikeni 780,000 na 200,000, jumla 980,000, hata kama mwezi uliopita ulipata mara mbili. Toeni chakula, kodi, umeme, maji, mahitaji ya shule ya wadogo, kikoba, na fedha mnayowatumia wazee. Hiyo ya wazee familia nyingi haziiandiki, na ndiyo inayovuruga bajeti. Tuseme inabaki 120,000. Kwa mwaka ni 1,440,000, na hapo ndipo uwezo wenu unapoishia.

Upande wa chuo, wazazi huuliza ada tu. Kwa digrii nyingi za vyuo vya umma ada ni kati ya 1,000,000 na 1,500,000 kwa mwaka, lakini mzigo mkubwa ni kuishi. Chukueni kipimo cha Bodi ya Mikopo: 10,000 kwa siku, chakula na malazi. Siku 240 za masomo ni 2,400,000. Ongezeni ada ya 1,300,000 na bima ya afya 50,400, mnafika 3,750,400 kabla ya vitabu na nauli ya likizo. Pengo ni 2,310,400 kila mwaka, kwa miaka mitatu au zaidi.

Mkopo unaweza kuliziba, ila hutolewa kwa kuangalia uhitaji, na wengine hupata sehemu tu. Kwa hiyo pigeni hesabu mara tatu: akipata wote, akipata nusu, akikosa. Hiyo ya tatu msiikimbie. Kama akikosa hakuna chuo kinachowezekana kwenye orodha yake, ongezeni chuo cha hapa Tanga, hata cha stashahada, atakapolala nyumbani. Ile 2,400,000 itashuka sana.

Cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, na 30,000 ya maombi ya mkopo iwe tayari. Ajue pia kwamba akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Tena wekeni pembeni 300,000 ya mwezi wa kwanza, maana chuo huweza kufunguliwa bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, halijaingia, na mtoto mgeni mjini hana wa kumkopa.

Baada ya hapo safirini, kwa vyuo viwili vilivyopita kwenye hesabu. Nauli itoke kwenye ile 120,000, isiguse fedha ya ada. Nendeni wanafunzi wakiwepo, muwaulize wao: chumba cha nje ya chuo ni shilingi ngapi, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mingapi kwa mkupuo, sahani ya wali maharage kwa mama lishe ni bei gani. Majibu hayo yaandikeni mahali pa ile 10,000, kisha mjumlishe upya kabla hajatuma maombi.